"Wait" na "Neighbour": maneno mawili yaliyobaki ubaoni

Jumapili, alasiri. Ibadakuli.

Joto la leo halina adabu. Upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, na mbuzi wa Mama Paulo wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta wangu kana kwamba wananilipa kodi. Ni mbuzi hao hao waliomaliza mchicha wangu wote, na tangu siku hiyo mimi na mama yao hatusalimiani. Ukuta wetu ni mmoja. Namsikia akivuta kiti chake, naye bila shaka anasikia nikichapa haya.

Nilifungua kompyuta nitunge mtihani wa kidato cha pili. Nimejikuta niko hapa kwenye blogu. Mnaonisoma mmezoea nikilalamikia chaki, umeme na watoto wanaoandika insha kwa lugha ya simu. Leo sina malalamiko ya namna hiyo. Nina hasira ambayo haijapoa tangu Alhamisi, na chini ya hiyo hasira kuna kitu kingine ambacho bado sijakipatia jina. Nitaandika kwa mpangilio, kama ninavyowadai wanafunzi wangu, maana nikiruka ruka nitalia.

Alhamisi asubuhi nilikuwa darasani. Nina mchezo mmoja ninaoupenda. Nina kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi, kila kimoja kina neno moja la Kiingereza. Mwanafunzi anachomoa viwili bila kuangalia, kisha anasimama na kuyalinganisha hayo maneno: maana yake, matumizi yake, nani huyasema na kumwambia nani. Kadiri maneno yasivyohusiana ndivyo ninavyofurahi, kwa sababu hapo hakuna cha kukariri.

Nyamizi akachomoa "wait" na "neighbour".

Darasa likacheka. Emmanuel, yule wa dawati la nyuma ambaye hukosi kumsikia, akasema, "Madam, hayo hayajuani hata kwa sura." Nikayaandika ubaoni, moja kushoto, moja kulia, nikachora mstari katikati.

Tukaanza na "wait". Nikauliza ni nani huambiwa neno hilo. Mgonjwa, wakasema. Mtu aliyepanga foleni. Mchumba, akasema Emmanuel, na darasa likacheka tena. Nikawaambia waangalie pia nani anayelisema, kwamba mara nyingi ni mtu ambaye yeye mwenyewe hana haraka. Waingereza wana mpaka chumba cha kazi hiyo, kina viti na magazeti ya zamani. Nilijiona mwerevu sana kwa maneno hayo.

"Neighbour" ikawa ngumu zaidi. Kwa Kiingereza, nikaeleza, ni mtu yeyote anayeishi karibu nawe, hata kama hujawahi kumsalimia, hata kama hujui jina lake. Kwetu Usukumani jirani ni kazi. Ukikosa kutokea kwenye msiba wa jirani, nzengo nzima, yaani watu wote wa mtaa wako, watakuita ujieleze, na utajieleza umesimama. Nyamizi akanyoosha mkono. Akauliza, "Madam, mtu anayeishi karibu na wewe lakini mnachukiana, bado ni neighbour?"

Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza, ndiyo. Akauliza, "Na kwetu?" Hapo simu yangu ikatetemeka mezani.

Alikuwa Mama Kulwa, mke wa mdogo wangu Masanja. Hakusalimia. Alisema, "Wifi, duara limeanguka. Masanja yuko ndani."

Kwa wasiojua machimbo, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Linashuka wima kama kisima, kisha chini linageuka kuwa njia ya kutambaa inayoufuata mwamba popote unakokwenda. Masanja ana duara lake Mwakitolyo. Aliuza fungu lake lote la ng'ombe wa baba ili alichimbe, na baba hakumsemesha msimu mzima wa kilimo. Kwa hiyo lile si shimo tu. Ni ng'ombe wote wale, ni heshima yake mbele ya baba, na ni ada za watoto wake, Kulwa na Doto. Nilitoka darasani bila kufuta ubao.

Safari ya kwenda Mwakitolyo siikumbuki vizuri. Nakumbuka dereva wa bodaboda akiniambia nimshike vizuri, na mimi nikimwambia aongeze mwendo.

Nilichokikuta kwanza ni ukimya. Machimbo hayanyamazi kamwe. Kuna karasha zinazosaga mawe kutwa, kuna redio, kuna matusi, kuna wauza maandazi. Siku hiyo karasha zote zilikuwa zimezimwa ili watu wasikilize kama kuna sauti chini, na umati mkubwa ule ulikuwa umesimama kimya nyuma ya kamba. Nikajua hapo hapo kwamba hali ni mbaya.

Kikosi cha uokoaji kilikuwa kimeshafika kutoka kwenye mgodi mmoja mkubwa. Wengi walikuwa Watanzania, lakini mkuu wao alikuwa injinia mgeni, mtu mrefu aliyeiva shingo kwa jua, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Alikuwa na kijana wa kumtafsiria, ila umati ulikuwa umemkataa yule kijana kwa sababu ya kofia yake ya kampuni. Walimwambia akatafsirie mashine. Mtendaji wa kata aliponiona akanijia mbio. "Mwalimu Kabula, wewe watakusikiliza. Una mtu wako chini."

Ndivyo nilivyopewa kazi. Nilipewa kwa sababu mdogo wangu alikuwa amefukiwa.

Injinia alipiga goti, akanionyesha mdomo wa duara. Ardhi ilikuwa na nyufa kuzunguka pale, na kila baada ya muda kijiwe kilidondoka chenyewe. Akanieleza taratibu. Mtu akikanyaga pale, achilia mbali akianza kuchimba, udongo wote utashuka tena, na kama Masanja yuko hai utamkuta huko huko. Inabidi waimarishe pembeni kwanza, na hiyo kazi itafika kesho. Kisha akawageukia wachimbaji waliokuwa wamevua mashati tayari kuingia, akashusha viganja vyake viwili kama anayetuliza mtoto, akasema, "Wait."

Nikawatafsiria. Nilisema, "Anasema tusubiri."

Ngassa akalipuka. Ngassa ndiye msimamizi wa duara la Masanja, mtu wa miraba minne, na wachimbaji wana sheria moja wanayoiheshimu kuliko zote: hamuondoki juu mwenzenu akiwa chini. "Madam! Ndugu yako wa damu yuko humo ndani, halafu unasimama hapo na kutuambia tusubiri? Tutachimba kwa kucha!" Wenzake wakaitikia. Askari wakashikana mikono kuwazuia.

Nililichukia lile neno, na bado ndilo nililokuwa nalitafsiri tena na tena, kila walipouliza, nikitafuta namna ya kulilainisha. Vuteni subira. Tuwape nafasi. Hakuna namna iliyosaidia.

Wanawake hawasogei karibu na mdomo wa duara, ndivyo wanavyoamini kule, eti dhahabu inakimbia; mimi niliachiwa kwa ajili ya kutafsiri tu. Mama Kulwa alikuwa ameketi mbali na wanawake wengine, juu ya kanga, miguu imenyooka. Niliposogea akanivuta nikae, akaniinamia sikioni.

"Wifi, kuna njia nyingine."

Akaninong'oneza yote kwa pumzi moja. Chini kule hakuna ua wala ukuta. Unachimba ukiufuata mwamba, na siku moja sururu yako inatokeza kwenye njia ya mwenzio. Wachimbaji wanaita kutobozana. Masanja alikuwa ametoboza kwenye duara la jirani yake, Mzee Sudi. Badala ya kusema, yeye na watu wake wakawa wanapita kwenye lile tundu na kuchukua mawe ya Mzee Sudi, kisha wanaliziba kwa viroba vya udongo wakirudi. Kwa hiyo Masanja kama yuko hai, yuko jirani na tundu hilo, na tundu hilo linafikika kwa kupitia duara la Mzee Sudi, ambalo halijatikisika hata kidogo.

Sasa mjue na hili. Mzee Sudi ni mfanyabiashara wa mjini, babu yake alitoka Pangani, yeye mwenyewe anaongea Kisukuma kizuri kuliko changu. Tangu mvua zilizopita amekuwa akilalamika kwamba Masanja anamwingilia. Kamati ya machimbo ikakaa, ikaamua mbele ya watu wote: atakayekutwa kwenye njia ya mwenzake ananyang'anywa duara. Masanja akasimama siku hiyo akaapa kwa jina la watoto wake kwamba hajavuka.

"Usiseme kwanza, wifi," Mama Kulwa akaniambia. "Subiri. Ngassa anasema watamfikia kwa juu."

Nikamtazama Ngassa. Bado alikuwa anapambana na askari, jasho linamtiririka, anapiga kelele kwamba wanamuua Masanja kwa maneno. Ngassa alikuwa anajua. Watu wake wote walikuwa wanajua. Walikuwa tayari kuporomoka na ule udongo kuliko kunyoosha kidole kuelekea kwa Mzee Sudi, duara ambalo ningeweza kulifikia kwa kutupa jiwe.

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuiona. Nimefundisha miaka mingi, nimekutana na kila aina ya ujinga, lakini ule ulikuwa na kifua na misuli.

Nikasimama. Mama Kulwa akadaka kitenge changu. "Wifi, wakitunyang'anya duara tutakula nini?"

"Tumpate kwanza wa kula naye," nikamwambia, nikachomoa kitenge.

Mzee Sudi alikuwa ameketi juu ya matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za duara, kofia imemshuka usoni. Alikuwa akikohoa kile kikohozi chake kikavu cha vumbi ambacho machimbo yote wanakijua. Watu humjua kwa hicho kabla hajatokea.

"Shikamoo, Mzee Sudi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

Nikamwambia bila kuzunguka. Nilisema mdogo wangu ametoboza kwako, amekuwa akichukua mawe yako, ameapa uongo, na sasa hivi huenda yuko nyuma ya lile tundu. Nilitegemea aruke. Nilitegemea aite watu wasikie. Yeye akatazama viatu vyake.

"Najua," akasema.

Alikuwa anajua tangu mahindi yakiwa bado magotini. Aliliona tundu, akaona viroba. Badala ya kupeleka habari kwenye kamati, akapanga mawe na matimba upande wake, akaliziba na yeye juu ya kizibo chao, akawa anawavizia siku watakayofungua awakamate mkono ukiwa ndani ya kiroba. Na kuna lingine, akasema, huku sauti ikishuka. Asubuhi ile ile, baada ya kusikia kishindo, alishuka na kijana wake mmoja hadi kwenye tundu. Akategesha sikio. Hakusikia kitu. Akapanda juu, akakaa hapa.

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Niseme nini, Kabula? Kwamba mtu yuko chini na mimi ndiye niliyemzibia mlango?" Akakohoa. "Nikasema ngoja niwasubiri wataalamu."

Naye alikuwa na "wait" yake. Kila mtu pale alikuwa nayo, ameikumbatia, na injinia wa watu ndiye peke yake aliyekuwa akiisema kwa sauti.

Nikamshika mkono yule mzee, nikaenda naye hadi kwa injinia, nikaeleza kwa Kiingereza. Kisha nikageuka na kueleza tena kwa Kiswahili kwa sauti yangu ya mstarini, ile inayofika hadi uwanja wa mpira, ili asije mtu akasema hakusikia. Umati ukaguna. Ngassa akaacha kupambana, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Mtendaji wa kata akafungua mdomo, nikamwambia hayo ya kamati yatakuwa na siku yake.

Injinia hakuuliza nani mwizi. Aliuliza urefu wa njia, hali ya matimba, upande tundu lilipo. Akashuka mwenyewe kwenye duara la Mzee Sudi na watu wake wawili. Duara lile lilikuwa imara, kuta zimeegemezwa vizuri. Wakafika kwenye tundu. Wakagonga jiwe kwa nyundo, wakanyamaza, wakasikiliza. Wakagonga tena. Wakaita jina lake.

Kimya.

Injinia alipopanda juu uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniambia kwamba yale mawe ya Mzee Sudi ndiyo sasa yanayozuia paa la tundu. Akiyachomoa bila kujua kama nyuma kuna mtu, na amelala upande gani, anaweza kuwaua watu wake kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Kama angekuwa hai angejibu. Ameagiza chombo cha kusikilizia kutoka mgodini. Kisha akalisema tena, safari hii kwa upole na bila kunitazama. "We wait."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale mavumbini na sketi yangu ya kazi. Mama Kulwa kwa mbali alinitazama, nami nikakwepa macho yake, kwa sababu angeona kila kitu. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitamwambiaje baba.

Halafu nikakumbuka kihenge.

Tulipokuwa watoto Masanja aliwaachia ndama wakaingia kwenye pamba ya mzee mmoja jirani yetu. Alipoona uharibifu akajificha ndani ya kihenge cha mahindi. Kijiji kizima kilimwita. Mama alimwita akilia, baba alimwita akitukana, yule mzee mwenye pamba alisimama hatua chache tu kutoka kwenye kihenge akamwita kwa majina mazuri. Masanja hakujibu. Jua lilikuwa kali na kile kihenge kilikuwa tanuri, angeweza kufa humo. Mimi ndiye niliyegundua. Niliweka mdomo kwenye fito nikamwambia, wameshajua ni wewe, hakuna cha kuficha tena, toka. Akatoka, ameloa jasho.

Nikainuka nikamfuata injinia. Nikamwambia, hajibu kwa sababu wanaogonga wako upande wa Mzee Sudi. Anadhani amekamatwa.

Alinitazama kama ninavyomtazama Emmanuel akitoa jibu. Akasema hakuna mtu anayekaa kimya wakati anakufa kwa sababu ya hilo. Nikamwambia humjui mdogo wangu, na hujui ng'ombe waliouzwa. Sijui ni maneno yangu au ni macho yangu, lakini akaniuliza nataka nini.

Nilitaka sauti yangu ifike chini. Nikatoa simu, nikajirekodi, kwa Kisukuma, kile cha jikoni kwetu. Nilisema: "Masanja, ni mimi Kabula. Mzee Sudi ameshajua. Watu wote wameshajua, nimewaambia mimi. Hakuna cha kuficha tena. Gonga."

Nilipotaka kumpa simu mwokoaji, mchimbaji mmoja mzee akasimama mbele. Sauti ya mwanamke haiingii kwenye duara, akasema, dhahabu itakimbia.

"Ikimbie," akasema Mzee Sudi.

Akanyoosha mkono akaomba simu. Akaishika karibu na mdomo kama watu wanaozungumza na ndugu walio mbali, akakohoa, akaongeza maneno yake machache kwa Kisukuma: "Ni Sudi. Gonga, mwanangu."

Wakashuka nayo.

Nimekuwa nikiwafundisha watoto kwamba "wait" ni kitenzi kisicho na tendo ndani yake, mtu amekaa tu. Si kweli. Pale kwenye mdomo wa duara la Mzee Sudi mwili wangu wote ulikuwa unafanya kazi. Mama Kulwa alikuja akasimama kando yangu, karibu kabisa na mdomo, na hakuna mwanaume aliyethubutu kumwambia arudi. Tulishikana mikono tukiangalia kifaa cha mawasiliano kilichoning'inia kifuani kwa injinia.

Kikakwaruza. Sauti ya kijana wa chini ikasema kwa Kiswahili, bila kungoja mtafsiri: "Amegonga! Mkuu, anagonga!"

Sikutafsiri. Injinia alishaona nyuso zetu.

Waliyatoa mawe moja moja, wakiegemeza matimba ya Mzee Sudi kila walipopata nafasi. Ngassa na watu wake ndio waliokuwa wakiyapokea juu na kuyapanga, bila mtu kuwaomba. Jua lilikuwa limeanza kulegea walipomtoa Masanja kwenye machela, amefunikwa vumbi jeupe hadi kope, mguu umevunjika. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Kulwa hakupiga. Alivua kanga yake ya juu akamfunika mumewe uso, jua lisimuumize, akatembea kando ya machela akimshika dole gumba la mguu ulio mzima.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema. Lakini jana, Jumamosi, nilikwenda tena hospitali.

Mguu umefungwa, amenyolewa, ameanza kula. Mama Kulwa alikuwa ametoka kuchota maji ya moto. Masanja akaniambia, "Dada, niliwasikia."

Nikasema ndiyo, nilijua ungetambua sauti yangu.

"Si wewe. Asubuhi. Mzee Sudi alishuka na kijana wake."

Alikuwa amelala akiegemea viroba, mguu umebanwa, hewa imeanza kuwa nzito. Amepata jiwe mkononi la kugongea. Akasikia hatua zinakuja kutoka upande wa pili, akashukuru Mungu, akainua jiwe. Kisha akasikia kile kikohozi. Walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia mzee akivuta pumzi. Palikuwa na viroba na mawe tu katikati yao.

"Nikaliweka jiwe chini," akasema. "Taratibu, lisigonge."

"Ukawa unasubiri nini, Masanja?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Aondoke."

Nilitaka kumzaba kofi, japo mguu wake umevunjika. Nilifikiria zile saa zote baada ya hapo, mzee amekaa juu ya matimba, mdogo wangu amelala juu ya viroba, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja akitega sikio kwa ajili ya mwenzake na kuomba asisikike.

Wakati bado nimekaa hivyo, nje ya wodi kikasikika kikohozi kikavu. Masanja alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Nikamwona, kwa macho yangu haya, anakishusha polepole kwenye meza bila kutoa sauti, na kubana pumzi. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo.

Mzee Sudi akatokea mlangoni na mfuko wa machungwa. Masanja akaachia pumzi. "Karibu, Mzee," akasema. Mzee akaketi kwenye kiti changu, akaanza kumenya chungwa, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilianza kulia na sipendi kuonekana. Kamati itakaa wiki hii. Sijui itaamua nini kuhusu duara, wala sijui hawa wawili walizungumza nini baada ya mimi kutoka.

Mwalimu mwenzangu amenipigia kusema kidato cha pili wamekataa ubao wao kufutwa. "Wait" bado liko kushoto, "neighbour" kulia, na ule mstari wangu katikati. Kesho nitaingia mle na Nyamizi atanyoosha mkono, ninamjua, hasahau. Bado namdai jibu la nusu ya pili ya swali lake. Mtu anayeishi karibu na wewe lakini mnachukiana, kwetu ni nani? Ningekuwa mimi niliyelala pale, na jiwe mkononi, nikasikia nyuma ya viroba kikohozi cha mtu niliyemkosea, ningegonga?

Napenda kujidanganya kwamba ningegonga.

Ijumaa asubuhi, niliporudi kutoka hospitali nilikokesha na Masanja, nilikuta mlangoni bakuli limefunikwa kwa sahani. Ndani kulikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, bado ya moto. Hapakuwa na mtu wala salamu, lakini bakuli lile la maua ya bluu nalijua, nimeliona likianikwa upande wa pili wa ukuta. Nilikula yote nimesimama. Kisha nikaliosha, nikaliweka mezani, na limekaa hapo tangu siku hiyo, hapa kando ya kompyuta, nikisubiri sijui nini. Nadhani nilikuwa nasubiri yeye aanze kuomba radhi kwa mchicha.

Sasa hivi Mama Paulo amevuta tena kiti chake. Anawafokea mbuzi, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka nisikie.

Nachukua bakuli. Nakwenda kugonga.